Waya wa Mwambani

Kwanza walituletea shaba.
Ikakaa mwezi na siku tatu.
Usiku wa nne tukasikia koleo;
asubuhi nguzo ziko uchi kama mihogo iliyomenywa.

Fundi Semboja hakutukana mtu.
Alirudi Chumbageni, akaja na alumini,
kitita kizima begani, anapiga mluzi:
"Hii mwizi akiiuza hapati hata ya chai."

Nilikuwa namshikia ngazi. Nikauliza: ni ya aina gani?
Akakata kipande, akafumua nyuzi
kama anayesuka ukili kinyumenyume.

"Ile ya Pongwe, ivukayo korongo, ina chuma katikati.
Chuma hubeba uzito, alumini hubeba umeme.
Ndoa nzuri, ila isikae karibu na bahari:
chumvi hupenya kimyakimya,
kutu ikala moyo na nje kungali kunang'aa.
Mjini, nguzo zikibanana, alumini tupu yatosha.
Hii yenu imetiwa magnesi na silikoni kidogo.
Haina moyo wa chuma wa kuliwa."

Nikamtazama.
Mkewe alikuwa ameondoka Ramadhani ile,
na shati lake bado lilikuwa limepigwa pasi.

Akapanda. Waya akauacha ulegee.
"Ukiukaza mchana wa jua, kipupwe kitaukata."

Miaka kumi na moja sasa.
Kwa Bi Mwanahawa taa haijazimika,
labda luku iishe.
Ngazi napanda mimi,
na kila waya nauachia
mkono mmoja na shubiri.