Pauni Kumi

Kabla serikali haijaamka, naamka mimi.
Saa kumi na moja, ngazi ya nyuma, ndoo mkononi,
ukungu wa Machi umeulalia Thames kama shuka la mgonjwa.
Nazoa majivu ya jana. Ya jana ni mengi:
mabwana walibishana hadi usiku wa manane,
na mabwana wakibishana hula makaa kuliko mhunzi.

Viti kumi na vitatu. Navijua kwa makalio.
Hiki cha yule mwenye jongo, kimelegea mguu wa kushoto.
Hiki cha yule wa ugoro, zulia chini yake lina rangi ya kutu.
Hiki cha lodi kijana asiyesema neno,
achoraye farasi pembezoni mwa karatasi za dola.
Wote wameapa kuinyoosha nchi.
Kuna mji, wanasema, wa kondoo na ukuta uliobomoka,
unapeleka wabunge wawili;
kuna mji wa moshi na viwanda, watu elfu mia,
haupeleki hata mbwa.
Hilo hata mimi, Thirza Pocock, naliona limekaa upande.

Kusoma sijui. Tarakimu nazijua,
kwa kuhesabu makaa, na kwa kuhesabiwa.
Asubuhi ile, mekoni, karatasi imeungua nusu:
ishirini, imekatwa.
Kumi na tano, imekatwa.
Kumi, imepigiwa mstari mara mbili, wino ukatoboa.
Nikajua ni bei. Sikujua ya nini.

"Ya mtu," akasema Jabez jioni,
misumari ya viatu katikati ya midomo.
"Nyumba ya pauni kumi kwa mwaka, mwenyewe atapiga kura.
Ya tisa, bado."
Sisi, huku Lambeth, tulilipa tisa na shilingi kumi na mbili.
Tulipungukiwa utu kwa shilingi nane.

Sitawasingizia. Walipigana kweli.
Yule wa ugoro alikosana na ndugu yake wa tumbo moja,
mawe yakavunja madirisha, mwenye jongo akapandishwa ngazi amebebwa,
na usiku sheria ilipopita nilikuwa napeleka mvinyo:
nikamwona mzee mzima anajifuta macho kwa pazia.
Kengele zikalia. Kila dirisha mshumaa.
Nasi tukawasha wetu, kipande, tukakizima mapema.

Wiki ya tatu, Bwana Skelhorn, mwenye nyumba,
akabisha hodi, yeye aliyezoea kuingia tu.
Kofia kwapani. "Hongera, Bwana Pocock!
Nimekupandishia kodi. Pauni kumi kamili.
Nimekufanya raia."
Tukaiaga nyama ya Jumapili.

Desemba, jukwaa la mbao, mvua ya kupinda.
Karani na daftari lake: "Jabez Pocock, unampa nani?"
Maana kura ilipigwa kwa mdomo, mchana kweupe, watu wanasikia.
Na ubavuni mwa karani, Skelhorn,
anazihesabu funguo zake moja moja, polepole,
kama mtu asiye na haraka na nyumba ya mtu.
Jabez akakohoa. Akataja jina.
Lilikuwa jina la Skelhorn, limevaa kofia ya mwingine.
Njia nzima ya kurudi hakunishika mkono.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Mimi nilikuwepo. Moto waliotolea hoja niliuwasha mimi,
na langu halikuwepo.

Ile karatasi ninayo, koponi, chini ya majani ya chai.
Lettice wetu, miaka sita, ndiyo aliyojifunzia kusoma:
moja, na duara kando yake.
Jana akaigeuza, akanuka kingo zake nyeusi, akauliza,
"Baba ni pauni kumi. Wewe, mama, ni pauni ngapi?"

Nikamfunika blanketi.
Nikamwambia alale, kesho kuna majivu.