Bila Kutia Chumvi

Saa nne usiku, Kasese. Umeme umerudi kwa kusitasita.
Nimeandika: *Leo nimevaa buti za baba.*
Maneno matano.
Nikayafuta.

Picha ninayo. Alinipiga mtoto wa jirani asubuhi:
mimi ndani ya buti za mpira zinazonifika magotini,
nyuma yangu kamba ya nguo, beseni lililotoboka,
na jogoo aliyeingia bila kualikwa.

Kwanza nikamkata jogoo.
Kisha kamba, maana chupi ya kaka yangu ilipepea kama bendera.
Kisha beseni. Shangazi Kyakimwa, aliye Kampala, angeuliza
mbele ya watu wote: ile hela ya beseni jipya iliishia wapi?

Mwalimu Ithungu atahesabu makosa.
Wale niliosoma nao, wenye Kiingereza cha kuteleza,
watapita kimya, na kimya chao nitakisikia hadi jikoni.
Mchungaji ataona gauni nililolipandisha.
Na mtu nisiyemjua, huko nisikokujua,
atasema: huyu naye anatafuta huruma.
Hajasema bado. Nimeshamjibu mara tatu kichwani,
mara ya tatu nikamtukana.

Nikaandika upya: *Baba, shujaa wangu, nguzo yangu, mwanga usiozimika.*
Nikaisoma kwa sauti.
Nguzo?
Baba aliyesinzia kanisani mdomo wazi,
aliyeazima baiskeli ya Bwambale akairudisha haina kengele,
aliyetukataza kulia njaa, halafu akatoka nje,
tukamsikia akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.
Nguzo haikohoi.
Nilikuwa natia chumvi,
mimi, binti wa mtu aliyeichimba.

Miaka ishirini na mitatu kwenye majaruba ya Katwe,
katika maji yanayonuka yai viza,
akirudi Jumamosi na nyayo zilizopasuka.
Chunguni, alisema, tia ya vidole viwili.
Inayobaki ni ya kuuza.

Simu ikanishauri: boresha picha. Nikabonyeza.
Ngozi yangu ikawa ya mtu mwingine, mwenye usingizi wa kutosha.
Na kwenye buti, palipokuwa na mstari mweupe,
ule ukoko wa chumvi usiotoka kwa ndimu wala kwa jivu,
pakawa peusi, pasafi,
kama za dukani.

Simu ilidhani ni uchafu.

Rudisha. Rudisha. Rudisha.
Mstari ukarudi, beseni likarudi na tundu lake,
chupi ikapepea,
jogoo akaingia tena kama mwenye nyumba.
Nikarudi kwenye maneno yangu matano.
Nikawasha VPN; bando lilibakiza dakika kumi na moja life.
Sikufikiri tena. Hapana, hiyo nayo ni chumvi:
nilifikiri, nikatuma huku nafikiri,
nikaiweka simu chini ya mto, kifudifudi,
kana kwamba ingening'ata.

Sisemi nimepona. Saa nane nilikuwa macho
nikijiuliza kwa nini niliweka nukta mwishoni,
kama mtu aliyekasirika.

Asubuhi, mioyo sita.
Shangazi kauliza habari ya beseni, kama nilivyojua.
Nikamjibu: bado linavuja.
Na chini kabisa mzee mmoja, Kule Erinesti, asiye na picha,
ameandika kwa herufi kubwa tupu
kama anayeita mtu wa ng'ambo ya ziwa:
HIZO NI BUTI ZA KATWE. NAUONA MSTARI.
BABA YAKO ALIKUWA NANI?

Nikaanza kuandika.
Nikafuta.
Nikaandika jina lake,
na ile habari ya kengele.