Kopo la Biskuti

Mashine ya kunakili imekwama tena,
karatasi imejikunja ndani kama mgonjwa wa tumbo,
na mgawo wangu wa mwezi uliisha tarehe kumi na moja.
Basi leo, hapa Grimsby, mwaka wa kumi,
sina cha kuwagawia ila kopo.

Lilikuwa la Bibi Thirkettle,
aliyefundisha chumba cha pili miaka thelathini na mmoja.
Alipostaafu aliniachia mafaili manne,
stepla yenye meno mabovu,
na wasia wa mlangoni: "Usinunue. Okota."

Nami nikawa chokoraa wa maneno.
Tangazo la kituo cha basi:
"Glavu imepotea, ya kushoto, ina maana kwangu."
Ondoeni hayo matatu ya mwisho, niliwaambia,
muone glavu inavyokufa.
Postikadi ya mwaka sitini na nane:
"Mvua. Tumekula. Wilf bado hasemi."

Wiki nzima tulibishana juu ya Wilf.
Jodie alisema kanuna. Levi alisema kafiwa.
Marnie akauliza, je, kama ni Wilf mwenyewe aliyeandika?
Sikuwa na jibu. Nililiacha swali ubaoni,
na msafishaji naye akaliacha.

Ijumaa, Deividas,
ambaye tangu Septemba amenipa "ndiyo" saba
na "sijui" zisizo na hesabu,
alikuja mezani na ngumi, akaifungua.
"Ilikuwa kwenye toroli ya supamaketi."

Orodha, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:

vitunguu
sukari
betri ndogo 4
mpigie mama

Mistari mitatu imekatwa kwa wino.
Mmoja haukukatwa.

Niliujua mwandiko kabla ya maneno.
Ile g yenye mkia wa kutambaa,
nilichapiwa hiyo Korogwe, darasa la tatu, haikunyooka.
Nikanyamaza. Nikaiweka chini ya kamera,
ikapanda ukutani, kubwa kama shuka.
"Haya, someni."

"Kifini." "Si Kifini, acha uongo."
"Betri ni betri," Levi akasema. "Kuna kitu kimemzimikia."
"Na ile ya chini ni mama," akasema Marnie. "Hiyo haihitaji kamusi."
"Sasa mbona hakumkata?"
"Labda waliishiwa," akasema Jodie,
na darasa likacheka,
kisha likaacha, si kwa pamoja, mmoja mmoja.

"Hakusahau," akasema Deividas.
"Aliyesahau haandiki. Huyu anaogopa."
Ushahidi? nikauliza,
maana kazi yangu ni kuuliza ushahidi.
Akaenda hadi ukutani, kidole juu ya nuru:
"Hapa. Kidoti. Kalamu iligusa, ikataka kukata kabla hajapiga,
ikaona haya."

Kidoti kipo kweli.
Mimi mwenyewe sikuwa na habari nacho.

Kengele. Viti. Mlango ukafunguka,
harufu ya samaki wa moshi ikaingia kutoka bandarini.
Nikaitia orodha koponi pamoja na wenzake,
na kibandiko kile kile ninachowabandika wote:
"Mwandishi hajulikani."

Saa tisa na robo hapa.
Kule jua limeshazama, mtu anapapasa ukuta akitafuta swichi.
Nimesimama uwanjani, kopo kwapani, funguo mdomoni,
naitafuta simu
katika koti ambalo mfuko wake, sasa naugundua,
umetoboka.