Winda

Kwa Kipolandi lifti ni winda.
Tuliambiwa na Mama Tsiala wa ghorofa ya pili,
aliyechuma matufaha huko misimu mitatu
akarudi na mgongo mbovu na maneno mia mbili.
Huandikwa winda, hutamkwa vinda, alisema.
Likamate hilo kwanza. Salamu baadaye.

Nasi tukawinda.

Miezi miwili kabla ya harusi ya mdogo wake
nilipiga magoti jikoni kwetu Kutaisi, futi kamba mkononi,
nikampima Nestan kama fundi apimavyo kabati:
gurudumu hadi gurudumu, sentimita sitini na tatu.
"Andika sitini na tano," akasema, "na vidole vyangu vipite."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Asiyeweza kuinama huandika barua pepe.
Niliziandikia hoteli saba za Gdańsk swali moja:
mlango wa bafu una upana gani?
Nne zilinyamaza.
Mbili zikajibu, "Tunakaribisha watu wote,"
jibu lisilo na sentimita hata moja.
Ya saba, mtu aitwaye Bożena alishuka na rula,
akailaza kizingitini, akapiga picha:
themanini na mbili.
Nestan aliibusu simu.

Shirika la ndege likauliza uzito wa kiti.
Kilo ishirini na tisa.
Likauliza betri. Kavu, inachomoka.
Wiki iliyofuata likauliza uzito wa kiti.

Barua ya daktari, mhuri, kisha mfasiri wa nyuma ya soko,
lari sitini kwa mistari kumi na mmoja.
"Ugonjwa wangu," akasema Nestan,
"haujawahi kuwa ghali hivi kwa Kijojia."
Dawa mkobani, si kwenye sanduku la chini.
Mirija ya siku nane, na ya siku tatu za balaa.
Soketi zao ni kama zetu.
Hilo, angalau, tulipewa bure.

Usiku wa mwisho tulipanga kadi mezani,
saba, kwa mwandiko wa Mama Tsiala:
Siwezi kusimama.
Usinisukume kabla hujaniuliza.
Kiti kije mlangoni mwa ndege, si kwenye mizigo.
Zungumza na mimi, si na mume wangu.
(Hiyo nilijifanya sikuiona.)

Nestan akaweka kidole juu ya neno refu
lililofungua kila kadi, lenye herufi zilizosongamana
kama watu mlangoni mwa benki.
"Hili ni nini?"
"Samahani," akajibu Mama Tsiala.
"Samahani ya nini?"
"Ndiyo adabu, mwanangu. Mgeni huanzia hapo."

Birika lilichemka na hakuna aliyeinuka.
Nestan akachukua kalamu
akalikata kwenye kadi ya kwanza, ya pili,
bila hasira, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.
Sita alizikata.
Moja akaiacha na samahani yake:
Samahani, nimekukanyaga mguu.

Saa tisa usiku teksi ilikuwa chini, injini ikinguruma.
Sisi juu, ghorofa ya tano, mbele ya lifti yetu,
lile sanduku la tangu enzi za Wasovieti
lisilopanda wala kushuka mpaka limeze sarafu.
Nikapapasa mfuko wa kulia. Wa kushoto. Wa koti.
Nilikuwa na zloti, nilikuwa na kadi ya benki,
nilikuwa na upana wa bafu la Gdańsk kwa kichwa.
Sarafu, sina.

Alicheka hadi jirani akagonga ukuta.
"Umeipima Poland yote," akasema,
"nyumbani umesahau."

Nikashuka ngazi mbio hadi ghorofa ya pili.
Mama Tsiala alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kulalia,
ameshanyoosha kiganja, sarafu katikati,
hakuuliza.

Nilipopanda tena, milango ikafunguka kwa kelele zake.
Nestan akanyoosha mgongo, akaitazama lifti
kama afisa wa uhamiaji,
akaitamka vizuri kuliko mimi:
Gdzie jest winda?
Akaingia mwenyewe.
Mimi nilibeba mabegi.