Sikio la Kufa

Saa kumi na mbili asubuhi niko Ndumbuini,
mlango wa nyuma wa machinjio ya nguruwe,
na ndoo yangu ya barafu.
Kimotho ananihesabia masikio: sita, saba, nane,
la tisa ni bure, lina kovu.
"Daktari, haya hupikwa na maharagwe?"
Namwambia nakwenda kuyauliza maswali.
Anacheka mpaka kisu kinamtikisika.

Yasiguswe na maji ya moto, nasisitiza.
Ngozi iliyobabuliwa haiwezi tena kuficha kitu.

Kabete, ghorofa ya pili,
naichuna ngozi kwenye gegedu polepole,
kama anayemvua soksi mtoto aliyelala.
Nakata duara, ukubwa wa shilingi kumi,
naibana katikati ya vioo viwili:
juu, kitu chenyewe;
chini, maji ya chumvi yanayojifanya damu,
na kisumaku kikizunguka, kikizunguka,
moyo usio na mwenyewe.

Kitu chenyewe leo kimeandikwa Sampuli 14.
Kiwanda kimoja cha Lunga Lunga kinataka kujua
kama dawa yake ya kutoa grisi mikononi
hubaki pale ilipopakwa.
Nafungua kizibo.
Pua inatangulia mashine.
Ni baba huyo, saa moja usiku,
fundi Asava wa Grogan,
petroli ndani ya kopo la Kimbo,
ananawa mpaka viwiko, anajipangusa kwa gazeti,
kisha anamega ugali
na tonge la kwanza ni langu.

"Ngozi ni ukuta, Kageha.
Mungu si mjinga ajenge nyumba inayovuja."
Mama akasema, "Sikio la kufa,"
asimalizie.
Kwetu methali hiyo ilikuwa ikiishia hapo,
kifuniko cha sufuria kikamalizia.

Saa ya kwanza navuta tone kwa sindano: hakuna.
Saa ya pili: hakuna.
Saa ya nne mstari wa grafu unainua unyusi.
Saa ya sita stima inapotea, jenereta inakohoa;
naliandika hilo pia, kwa wino.
Saa ya nane, kilima.

Basi, methali, njoo uone.
Sikio lililokufa leo alfajiri
limeisikia dawa,
limeipitisha upande wa pili
neno kwa neno.

Ripoti inadai maikrogramu
kwa kila sentimita mraba, kwa kila saa.
Haina safu ya viganja viwili
kwa miaka thelathini na mmoja.
Nazidisha hata hivyo, pembeni, kwa penseli.
Nafuta.
Haikufutika vizuri.

Jumamosi nampelekea boksi la glovu Kangemi.
Anajaribu moja, anasema inabana
kama viatu vya kuazima.
Jumamosi iliyofuata nazikuta shambani, nyuma ya nyumba,
zimevishwa vijiti kati ya sukuma wiki,
zinawapungia ndege mkono.

Sijasema kitu.
Nimelichukua kopo, nimeliweka mbali,
nimemmiminia maji ya vuguvugu.
Kucha zake ni za buluu kidogo, au ni kiza.
Ananisogezea sikio la kulia,
lile ambalo injini za malori hazikulimaliza.
"Nieleze tena," anasema. "Polepole.
Na usinitajie nguruwe."