Daftari la Visu

Fomu ina nafasi tatu tu:
baba, babu, mahali pa asili.
Hiyo ya tatu ilichukuliwa na mvua ya Oktoba,
mteremko mzima, kahawa na makaburi,
ikashuka usiku mmoja hadi mtoni.

Nimekuja na daftari la mistari ya hesabu
jikoni kwa shangazi Nambozo.
Anakata malewa, hajaniangalia.
"Unataka miaka? Sisi hatukuwa na miaka.
Tulikuwa na visu."

Basi twahesabu kwa visu.

Baba yangu, Wamimbi, alitahiriwa
mwaka redio ya kwanza ilipopanda mlimani
ikaimba siku tatu, ikafa.
Hakuna aliyejua habari za betri.
Wakaizika kwa utani, wengine wakalia kwelikweli.
Rika lile lote huitwa Redio.
Hata leo, ukiita "Redio!" sokoni,
vizee sita vinageuka.

Babu, Kutosi: mwaka wa nzige.
Alisimama uani, uso umepakwa kimea cha wimbi,
nzige wakamtua mabegani,
kisu kikapita, naye hakupepesa jicho.
Hivyo ndivyo tunavyosimulia matangani.
Shangazi anakohoa. "Alipepesa.
Mama yake alimwona. Andika alipepesa."
Naandika.

Baba wa Kutosi, Gidudu:
mwaka walipokuja kuhesabu nyumba ili zilipiwe kodi.
Akaishusha yake usiku, nguzo kwa nguzo.
Asubuhi mhesabu akakuta duara la vumbi
na mtu ameketi katikati, anakula kiazi.
Alitozwa vilevile.

Kabla ya Gidudu, Khaukha.
Mwaka gani?
"Mwaka wa kitu fulani. Mbuzi, labda.
Andika mbuzi."

Na kabla ya Khaukha kila mtu husema Masaba,
mlima wenyewe,
kana kwamba jiwe lilizaa peke yake,
likajifunga mtoto mgongoni, likaenda kuteka maji.

Nauliza: na mama zao?
Hawakukatwa, najijibu mwenyewe, hawana mwaka.
Kalamu inasimama.
Shangazi naye anasimamisha kisu chake,
kile chenye mpini wa kamba,
ananitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Maharage uliyokula jana,
yale mekundu yenye doa kama kovu,
yalitoka ng'ambo ya Manafwa, yamefungwa pindoni mwa nguo
ya Nandutu, aliyemzaa Kutosi.
Kila msimu tunampanda. Huo si mwaka?
Nabulobi, mke wa Khaukha, alizika wanne.
Wa tano akamwita Gidudu
mara mbili mlangoni, kwa sauti,
ili kifo kikija kidhani wako wawili
kichoke kuchagua.
Na yule wa kabla yake, mama wa huyo wako wa mbuzi,
jina lake silijui.
Mama hakulijua.
Alitumia mkono wa kushoto, basi, ndilo lililobaki.
Walimpiga kwa hilo, hakuacha."

Nautazama mkono wangu ulioshika kalamu.
Mwalimu Wopata aliuchapa miaka miwili
kwa fimbo ya mkahawa.

Nje, watoto wa dada yangu wanacheza
tope lisiloteleza.
Huku tambarare ya Bulambuli tumepewa nyumba zilizopangwa mstari,
kila mlango una namba,
na ukidondosha chungwa
linakaa papo hapo, kama limesahau kitu.
Jana mdogo wao aliniuliza
mlima unaonekana wapi.
Nikamwonyesha mawingu.

Ofisa atataka mistari mitatu.
Mimi nina kurasa nne
na madoa ya maji ya malewa.
Mahali pa asili pako wazi bado.

"Soma tena kutoka mwanzo," anasema shangazi,
ameshainamia sufuria.
Nasoma: mwaka wa redio, ikaimba siku tatu...

"Mbili," anasema.
"Ya tatu tulikuwa tunaimba wenyewe."