Haijaguswa

"Haijaguswa," asema Bwana Shebwana,
akiilaza pasi juu ya kaunta kama maiti wa mtu mwengine.
Naitazama kwa jicho la pembeni:
vichwa vya skrubu vimetafunwa na kisu,
kisu cha siagi, wallahi, mafuta yangali kwenye mfuo,
na skrubu ya nne haiko. Iliyoshika mahali pake
ni msumari wa kiatu, umepindwa shingo.
"Haijaguswa kabisa, fundi. Imekufa yenyewe, usingizini."

Naandika daftarini: Shebwana. Pasi. Imekufa usingizini.

Miaka kumi na tisa niko Bondeni, mlango huu huu.
Chumvi ya hewa yetu naijua inavyokula waya:
yala kwa adabu, polepole, yaanzia ukingoni,
yaacha unga wa kijani ili ujue ilipita.
Mkono wa mwenye mali hauna adabu hiyo.
Huo huanza katikati.

Bi Mwanakombo wa Kuze, muuza barafu za ukwaju,
alileta friji kwa mkokoteni, imefungwa kamba ya nazi.
Barafu iling'ang'ania ukutani, watoto wako mlangoni
na shilingi zao zimelowa jasho,
akachukua kisu cha kupaa samaki.
"Ikalia fiii," aniambia, "nikadhani yashusha pumzi."
Ndiyo pumzi yenyewe hiyo, Bibi. Ilikuwa nayo moja.
Sikusema. Alinilipa kwa sarafu za kunata,
na hadi magharibi vidole vyangu vilinuka ukwaju.

Mwalimu Kahindi yeye huja na mfuko wa plastiki:
skrubu saba, springi moja, na kitu cheusi
ambacho hata mimi nilikigeuza mara mbili.
"Hizi zilibaki," asema, bila haya hata kidogo,
"nafikiri kiwandani huweka za akiba."
Mashine ya kufulia ilikuwa imetembea peke yake
kutoka chooni hadi sebuleni,
ikakuta wageni.

Nimeona fyuzi ya karatasi ya sigara.
Nimeona birika limezibwa kwa ubani wa kutafuna,
na blenda, usiku wa kuamkia Ramadhani,
iliyotiwa mafuta ya nazi kwenye mota "ilainike".
Wote haijaguswa. Wote kwa sauti ile ile,
macho yakienda kwenye panga boi zangu zilizoning'inia,
kana kwamba mojawapo itawatolea ushahidi.

Isipokuwa Dama, wa mitumba ya Kongowea.
Feni yake ilikuwa na kiungo kilicholehemiwa
laini, king'aacho, kama tone la asali.
"Nani kafanya hii?"
"Mimi. Nimekosea wapi?"
Nikatafuta kosa. Nikavaa miwani, nikatafuta tena.
Kapasita tu ilikuwa imekufa, ya shilingi mia na hamsini.
Nikamtoza mia tatu.
Sijui kwa nini.
Najua.

Jumatatu lehemu ilinidondokea kidoleni.
Nikapaka dawa ya meno. Jumanne, asali.
Jumatano nikakizungushia tepu nyeusi ya waya,
nikavuta, nikakata kwa meno, nikaendelea na kazi.
Ijumaa kidole kilikuwa na moyo wake,
chadunda, chanikataza kulala.

Muuguzi wa Makadara aliifungua tepu tabaka kwa tabaka,
kimya, vile nifunguavyo mimi plagi ya mtu.
Harufu ya mnanaa ikajaa chumba.
"Nani alianza kukitibu kidole hiki?"
Nikaangalia ukutani. Feni yao yayumba,
bushi imekwisha, dakika kumi tu ningeimaliza.
"Hakijaguswa," nikasema.
"Kabisa?"
"Kabisa, dada."

Akavuta daftari lake, akaandika.